Na ya Kutolea: Nilivyojifunza Usanifu wa Programu Kwenye Ofisi ya SACCOS

Ukimtumia mtu pesa kwa simu hapa Tanzania, swali la kwanza atakalokuuliza ni hili: umetuma na ya kutolea? Ukituma 50,000 tupu, mwenzako akifika kwa wakala anakatwa, anarudi nyumbani na pungufu. Anayejali huongeza kidogo juu yake ili hamsini ifike mkononi ikiwa hamsini. Ni adabu ambayo muuza mkaa anaijua, mwanafunzi wa bweni anaijua, bibi kijijini anaijua.

Mimi usanifu wa programu, yaani namna ya kuigawa programu na kupanga sehemu zake, nimejifunzia hapo, kwenye hiyo ya kutolea. Naandika haya kwa sababu vijana wengi hunifuata na swali moja: wanajua kuandika msimbo, programu zao zinafanya kazi, lakini zikifika mwaka wa pili haziguziki. Ukirekebisha hapa, kule kunabomoka. Wanataka niwatajie kozi. Kozi zipo na ni nzuri, lakini kitu kilichonibadilisha mimi sikukipata kwenye kozi.

Mwaka 2020 tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu mmoja, tukapata kazi ya kutengeneza mfumo wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya walimu katika wilaya moja mkoani Morogoro. Wanachama mia nne na ushee. Leja zao zilikuwa za karatasi, na sisi tulitakiwa kuziingiza kwenye kompyuta: hisa, akiba, mikopo, marejesho, wadhamini. Nilikuwa na miaka miwili tangu nitoke chuo. Lugha ya programu ya PHP nilikuwa naiandika bila kusitasita, na kanzidata, yaani ghala la taarifa za mfumo, nilikuwa naijua vizuri. Ambacho sikuwa nacho ni namna ya kugawa kazi. Nikipewa jambo, nililifuata kama mtu anavyofuata njia ya miguu: fomu inaingiza taarifa, halafu zinahesabiwa, halafu zinahifadhiwa, halafu zinatoka kwenye ripoti. Kila hatua na faili lake. Njia ikifika mwisho bila kukwama, nilihesabu kwamba nimemaliza.

Bodi ya chama ilikuwa imeamua jambo moja zuri sana. Mikopo midogo ya dharura itumwe kwa simu, na itumwe na ya kutolea. Mwalimu aliyeko shule ya mbali akiomba laki moja kwa ajili ya mtoto aliyelazwa, ashike laki moja. Gharama ya kutoa ibebwe na chama. Kwa hiyo mfumo ulipaswa kujua, kwa kila kiasi, ya kutolea ni shilingi ngapi.

Nikachukua jedwali la makato la mtandao wa simu nikaligeuza kuwa ngazi ya masharti: kama kiasi hakizidi hiki, ongeza hiki, kama kinazidi hiki lakini hakifiki kile, ongeza kile. Ngazi hiyo nikaiandika kwenye faili la kutuma mkopo. Kisha ikaonekana meseji anayopata mwanachama nayo inapaswa kutaja ya kutolea, nikanakili ngazi nikaiweka na huko. Ripoti ya mwisho wa mwezi ya mhasibu ilihitaji jumla ya gharama hizo, nikanakili tena. Taarifa ya mwanachama, vilevile. Sehemu nne, ngazi nne, zote zikisema kitu kimoja, na zote zikiwa sahihi.

Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ikaanza. Waliokuwa Tanzania wanakumbuka siku zile, sihitaji kueleza. Tozo ilipangwa kufuata kiasi, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala, nayo ilikaa juu ya makato ya kawaida ya mtandao. Ngazi zangu zote nne zikawa za uongo kwa siku moja. Nilikaa usiku nikarekebisha ya kutuma, nikarekebisha ya meseji, nikarekebisha ya taarifa ya mwanachama. Ya ripoti ya mhasibu ilinipita. Sikuiona kwa sababu faili lile lilikuwa limeandikwa miezi mitano nyuma na ngazi yake niliipa majina tofauti.

Mwisho wa mwezi hesabu hazikukaa. Nikapanda basi kwenda kuonana na mhasibu.

Huyu mama ni mtu ninayemheshimu kuliko mwalimu yeyote aliyenifundisha kompyuta. Ofisi yake ni chumba kimoja chenye kabati la chuma, feni, meza, na juu ya meza kaunta buku yenye jalada gumu jeusi, kona zake zimebandikwa gundi ya karatasi. Mfumo wetu ulikuwa umeshaanza kutumika, lakini kaunta buku alikuwa hajaiacha. Nikamwamkia, akaitikia, akanivutia kiti upande wake wa meza, siyo upande wa wageni.

Akaweka kidole kwenye mstari. Ripoti yangu inasema gharama za kutolea ni hizi. Salio la akaunti ya simu ya chama linasema ni zile. Tofauti 18,400.

“Mwanangu, hii namba inatoka wapi?”

Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha faili la ripoti.

“Na hii iliyokwenda kwa mwanachama?”

Nikamwonyesha faili la meseji.

“Na hii ya kwenye taarifa?”

Nikamwonyesha la tatu. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli: “Kwa nini namba moja inazaliwa sehemu nne?”

Sikuwa na jibu. Akaifungua kaunta buku katikati akanionyesha. Mkopo wa mwalimu fulani uko ukurasa 112. Kwenye ukurasa wa wadhamini jina lake lipo, lakini pembeni pameandikwa tu “uk. 112”. Kwenye muhtasari wa mwezi, hivyohivyo. Anayetaka kujua deni ni kiasi gani anakwenda 112, hapati mahali pengine. “Nikiandika deni mara mbili,” akasema, “siku moja yatatofautiana, halafu nitaulizwa lipi ni la kweli.”

Kanuni hiyo nilikuwa nimeisoma chuoni, kwa maneno mengine, na niliijibu kwenye mtihani nikapata. Tofauti ni kwamba siku ile niliiona ikifanya kazi kwenye karatasi, mikononi mwa mtu ambaye asingepata usingizi kama vitabu vyake vingepishana shilingi mia.

Niliporudi Dar es Salaam nikaanza kutafuta watu wengine waliowahi kuliwaza jambo hili, na nikampata David Parnas. Mwaka 1972 alikuwa Chuo Kikuu cha Carnegie-Mellon, Pittsburgh, Marekani, na alichapisha makala ya kurasa chache kuhusu namna ya kugawa programu katika moduli, yaani vipande vyenye kazi zake. Mfano wake ni programu ndogo ya kutengeneza faharasa. Inapokea mistari ya maneno. Kila mstari inauzungusha kwa kutoa neno la mwanzo na kulipeleka mwisho, mpaka kila neno lipate zamu ya kukaa mbele. Kisha inapanga mizunguko yote kwa alfabeti. Ipe “mgeni njoo mwenyeji apone”, itakupa pia “njoo mwenyeji apone mgeni”, na “mwenyeji apone mgeni njoo”, na “apone mgeni njoo mwenyeji”. Basi, hiyo ndiyo programu yote.

Parnas aliigawa mara mbili. Mara ya kwanza alifuata hatua za kazi: moduli ya kusoma, ya kuzungusha, ya kupanga, ya kuchapa, na moja ya kuzisimamia. Ni mgawanyo ambao yeyote kati yetu angeuchora ubaoni, na ndio niliokuwa nikiutumia kila siku. Mara ya pili akaanza na swali jingine kabisa: kati ya maamuzi tunayofanya, yapi ni magumu, na yapi yana dalili ya kubadilika? Kila uamuzi wa namna hiyo akaujengea moduli yake, na moduli nyingine zisijue kilichomo ndani. Mfano ni jinsi mistari inavyowekwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kwenye mgawanyo wa kwanza karibu kila moduli ilikuwa inaijua siri hiyo, kwa hiyo ukiibadilisha unazigusa karibu zote. Kwenye wa pili, unagusa moja.

Nilisoma makala ile mara tatu usiku mmoja. Karibu miaka hamsini kabla ya tozo, mtu alikuwa ameshaandika kosa langu lilivyo na dawa yake.

Yeye aliita jambo hilo kuficha taarifa. Kuficha kwa Kiswahili kuna harufu ya hila kidogo, kwa hiyo mimi napendelea kusema kusitiri. Nimekulia Tanga, kwenye nyumba yenye baraza. Mgeni anakaribishwa barazani, anakaa, anapewa kahawa, anaelezwa anachohitaji kujua, anaondoka ameridhika. Ya ndani ya nyumba yamesitiriwa, na ndiyo maana wenye nyumba wanaweza kuhamisha kitanda, kubomoa ukuta wa jiko, kugawana vyumba upya, bila mgeni hata mmoja kusumbuka. Moduli nzuri ni hivyo. Ina baraza, ambayo wataalamu wa istilahi wanaiita kiolesura, na ina ya ndani. Mtu akizoea kupita mpaka jikoni kwako kuchukua maji, siku ukihamisha jiko utagombana naye.

Basi nikaijengea ya kutolea nyumba yake. Fanksheni moja, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina, nikaipa jina la Kiswahili, `yaKutolea`, inayopokea vitu viwili: kiasi na tarehe. Inarudisha shilingi. Mafaili yote manne yakaacha ngazi zake yakawa yanabisha hodi hapo. Ndani yake hakukuwa na ngazi tena. Viwango vilihamia kwenye jedwali la kanzidata, kila mstari na tarehe yake ya kuanza kutumika. Tarehe ilikuwa na maana kubwa kuliko nilivyodhani. Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kiwango cha juu kikawa 7,000. Julai 2022 kikashuka hadi 4,000. Oktoba 2022 viwango vikarekebishwa tena. Mkaguzi akija leo akitaka kujua kwa nini mkopo wa Agosti 2021 uligharimu kiasi kile, mfumo unamjibu kwa viwango vya Agosti 2021, si vya leo.

Nikarudi Morogoro tena, safari hii sikuitwa. Nikamwomba mama anisaidie kuandika orodha mbili kwenye ukurasa wa mwisho wa kaunta buku. Ya kwanza: mambo gani kwenye chama hiki hubadilika? Akataja bila kufikiri sana. Riba, kwa sababu mkutano mkuu unaweza kuigeuza. Ukomo wa mkopo, ambao wakati ule ulikuwa mara tatu ya akiba. Idadi ya wadhamini. Makato ya simu. Sura ya ripoti zinazopelekwa juu, hasa tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake zilipoanza kufanya kazi.

Ya pili: mambo gani hayabadiliki? Hapa alikaa muda mrefu, akizungusha kalamu. Akasema: “Pesa haitoki hewani. Ikiingia lazima tujue imetoka wapi, ikitoka lazima tujue imeenda wapi. Na lililoandikwa limeandikwa.”

Orodha ile ya kwanza ndiyo iliyogeuka kuwa moduli zetu. Riba, ukomo, wadhamini, makato, ripoti: kila moja na nyumba yake. Sikuchora mchoro wowote wa kitaalamu. Ukurasa ule ndio usanifu wa mfumo, na nina picha yake kwenye simu mpaka leo. Ile ya pili, maneno yake matatu, ilichukua muda zaidi kunielea.

Ilinielea kwa sababu ya hitilafu nyingine. Mwalimu mmoja wa kike, aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, alipiga simu ofisini kusema salio lake limezidi. Aliweka 150,000 kwa simu, taarifa yake ikasoma 300,000. Mwanachama anapolipa, mtandao wa simu hutuma taarifa kwenye seva yetu, ile kompyuta inayoendesha mfumo, na seva inajibu kwamba imepokea. Isipojibu kwa wakati, taarifa inatumwa tena, na ndivyo inavyotakiwa, maana bila hivyo malipo yangepotea njiani. Siku ile seva yetu ilikuwa imeelemewa na ripoti nzito niliyoipanga itengenezwe mchana. Ilipokea, ikaandika, ikachelewa kujibu. Taarifa ikaja mara ya pili, nayo ikaandikwa.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa kuandika kwenye PHP: angalia kama kumbukumbu namba hii ya muamala ipo, kama haipo, ingiza. Inaonekana inatosha. Haitoshi. Taarifa mbili zikifika ndani ya sekunde moja, zote mbili zinaangalia, zote mbili zinakuta haipo, zote mbili zinaingiza. Mlinzi anapaswa kukaa mlangoni penyewe: kanzidata ikaambiwa kwamba kumbukumbu namba haiwezi kujirudia, na ikitokea, ikatae yenyewe. Mstari mmoja tu, lakini nililazimika kuelewa kwamba swali la “nani anakagua hili?” ni swali la usanifu, na kwamba jibu sahihi ni yule wa mwisho kabisa kuligusa, ambaye hakuna njia ya kumkwepa.

Ikabaki kumrekebishia mwalimu salio lake. Nikawaza ni jambo la dakika moja, kufungua jedwali la wanachama na kubadilisha 300,000 iwe 150,000. Mama alikuwa kwenye simu.

“Usifute,” akasema.

Nikamweleza kwamba namba si ya kweli. Akasema anajua si ya kweli, lakini ilikuwepo. Mwalimu ameiona. Meseji imekwenda. Ukiifuta, kesho akiuliza kilichotokea utamwonyesha nini? Akanieleza anavyofanya yeye. Ingizo likikosewa, haligusi. Anashuka mstari mpya, anaandika kwa wino mwekundu ingizo la kulirudisha, anataja tarehe na sababu, anatia sahihi. Ufutio hauruhusiwi ofisini kwake, wala ile dawa nyeupe ya kufutia.

Baadaye niliangalia umri wa utaratibu huu. Luca Pacioli, mtawa wa Italia, alieleza uwekaji hesabu wa pande mbili kwenye kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka 1494, akiandika kile ambacho wafanyabiashara wa huko walikuwa wakikifanya tayari. Watu wamekuwa wakitunza kumbukumbu za pesa kwa kuongeza mistari na kulinganisha pande mbili kwa zaidi ya miaka mia tano, na mimi nilikuwa nimetengeneza safu inayoitwa `salio` ambayo programu yoyote ingeweza kuiandika upya bila kuacha alama.

Hilo tulilibadilisha kwa wiki nne, na ndiyo kazi ninayoionea fahari kuliko zote. Safu ya salio tukaiondoa. Tukabaki na jedwali la miamala ambalo ni la kuongeza tu: hakuna kufuta, hakuna kuhariri. Kila muamala una pande mbili, pesa ilikotoka na inakokwenda, na jumla ya pande hizo lazima iwe sifuri, la sivyo kanzidata inakataa. Salio ni jibu la kujumlisha. Mwenzangu aliogopa mfumo utakuwa mzito, tukapima: wanachama mia nne, mistari michache kwa mwezi kwa kila mmoja, jumla inapatikana kabla hujapepesa. Kosa la mwalimu yule lipo mpaka leo kwenye taarifa yake, na chini yake kuna mstari wa kulirudisha, na sababu.

Sasa niseme na upande wa pili, kwa sababu usanifu ukikuingia unaweza kukupeleka pabaya.

Mwaka uliofuata tulipata kazi ya duka la jumla la dawa jijini Dar es Salaam. Nilikuwa nimejaa maarifa mapya. Nilikuwa nimesoma jinsi kampuni kubwa za nje zinavyogawa mifumo yao kuwa huduma ndogondogo, kila moja na seva yake na kanzidata yake, zikizungumza kwa mtandao. Nikaligawa duka lile katika huduma saba. Stoo huduma yake, ankara huduma yake, wateja, bei, wasambazaji, ripoti, watumiaji. Zote saba ziliishi kwenye seva moja tuliyoikodi.

Ndani ya kanzidata moja, kutoa mzigo stoo na kuandika ankara vinaweza kufungwa katika muamala mmoja: ama vyote vimetokea, ama hakuna kilichotokea. Kanzidata inakupa dhamana hiyo bure. Ukishazitenganisha stoo na ankara, dhamana imekatika. Ikawa boksi la dawa linatoka stoo, ombi la kuandika ankara linakwama njiani, na jioni mwenye duka anahesabu mzigo ambao haujauzwa na wala haupo. Nikaanza kuandika programu za kufuatilia na kupatanisha, na programu za kuziangalia hizo programu. Miezi miwili ikaenda hivyo. Mteja alikuwa na wauzaji watano na kaunta moja.

Ukipita Goba, Mbezi, Kibamba, utaona nyumba nyingi za chini zilizofunikwa zege, na juu yake nondo zimechomoza kuelekea angani. Mwenye nyumba amepanga kupandisha ghorofa Mungu akijalia. Nilimuuliza fundi mmoja anayejenga jirani yetu kuhusu nondo hizo. Aliniambia watu huziangalia nondo, lakini nondo si kitu, zikiachwa wazi mvua inazila kutu na siku ya kupandisha unaweza kulazimika kuzikata. Anachouliza yeye kabla hajachimba msingi ni: utapandisha? Kama ndiyo, upana wa msingi na unene wa nguzo unabadilika hapohapo, na hilo huwezi kuja kulirekebisha baadaye bila kubomoa. Kama sivyo, unazika pesa ardhini.

Nilimsikiliza nikawa naiona kazi yangu. Huduma saba zilikuwa nondo. Msingi ulikuwa kitu kingine: je, kila boksi la dawa lina namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda, au tumehesabu maboksi tu? Hilo tulikuwa hatujaliweka. Lilihitaji kufikiriwa siku ya kwanza, kwa sababu ukishauza miezi sita bila kuandika toleo, taarifa hizo huwezi kuzipata tena popote duniani. Huduma kuwa moja au saba unaweza kuamua baadaye, mradi moduli zako zina baraza safi.

Tukazirudisha saba zikawa programu moja, kanzidata moja, moduli saba ndani yake. Wiki tatu. Kila moduli inaingilika kwa barazani tu, na tumeandika majaribio yanayoshindwa mtu akipita jikoni. Siku duka likiwa na matawi kumi, moduli ya stoo inaweza kuhama. Mpaka sasa haijahitajika.

Jambo moja dogo nililoanza baada ya hapo ni daftari la maamuzi. Ni folda ndani ya msimbo, kila uamuzi mkubwa una faili fupi: tarehe, tulikuwa na hali gani, tumechagua nini, tumeacha nini na kwa sababu gani. Tukibadilisha mawazo, faili la zamani halifutwi. Tunaandika jipya linalolitaja. Wino mwekundu uleule. Lipo faili linaloeleza kwa nini laki kumi ikigawanywa miezi 12 kila rejesho ni 83,333 na la mwisho 83,337, ili mabaki yote yabebwe na mwezi wa mwisho. Bila faili hilo, kijana yeyote makini angeiona ile 83,337 akadhani ni hitilafu, na angeirekebisha.

Na kuhusu deni. Ward Cunningham, mwaka 1992, akieleza mfumo wa fedha aliokuwa akiutengeneza, alisema kutoa msimbo wa mara ya kwanza ni kama kukopa: kunakuharakisha, mradi ulipe mapema kwa kuuandika upya. Msemo huo umeenea, na wengi wanautumia kama tusi kwa msimbo mbaya. Waliokaa kwenye SACCOS wanausikia vizuri zaidi. Mkopo si aibu. Mwalimu amejenga nyumba kwa mkopo, amesomesha kwa mkopo. Mama huangalia marejesho. Anayerejesha kila mwezi ni mwanachama mzuri hata kama deni lake ni kubwa. Ngazi zangu nne zilikuwa mkopo halali siku nilipoziandika, mfumo ukaanza kutumika mapema kwa sababu yake. Nilichokosea ni kukaa miezi na miezi bila kurejesha hata shilingi.

Viwango vya Oktoba 2022 vilipotoka nilikuwa safarini, sina hata kompyuta. Nikampigia mama kumwambia asubiri nirudi. Akasema ameshaingiza mwenyewe, mistari yote, na tarehe ya kuanza. Amejaribu na mkopo wa laki mbili na namba zimekaa. Kisha akaniuliza kama nimeshakula.

Wiki iliyopita amejiunga nasi kijana mpya, mwepesi, anajua lugha tatu za programu na ana kiu. Tumepata chama kingine, cha wakulima, huko huko Morogoro. Ameniomba nimpe kitabu cha usanifu aanze nacho. Nimemwambia aache kompyuta nyumbani, achukue daftari na kalamu mbili, moja nyekundu, aende akakae na mama siku tatu kabla ya kwenda kwa wakulima. Anaondoka kesho na basi la asubuhi. Nauli nimeshamtumia, na ya kutolea.